Joto la Chini ya Nyumba

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipasuka, na kabla ya mapambazuko nyumba ya Mama yetu kule Buhene ilikuwa imekwisha kufunikwa na mawe ya moto. Ilikuwa nyumba ya mbao, kama zilivyo nyumba nyingi za Goma, tena yenye mlango mmoja wa chuma ambao Mama aliusifu kuliko vitu vyake vyote. Mlango hatukuuokoa. Tulimwokoa Mama, mbuzi wake wawili, na bidoni moja la mafuta ya mawese. Akaja kukaa kwetu, na mwaka mzima akatuambia ya kwamba nyumba ya mtoto si nyumba yako.

Mwaka 2022 kaka yetu mkubwa, ambaye kazi yake iko Ubelgiji, alinunua kiwanja Lac Vert ili Mama ajengewe nyumba ya mawe. Wasiopajua mahali pale wajue kwamba pako magharibi ya mji, kandokando ya Ziwa Kivu. Pana ziwa dogo la maji ya kijani lililokaa ndani ya kinywa cha volkano ya zamani, na ukuta wa kilima walitenga na ziwa kubwa. Watu hupapenda. Upepo wa ziwa ni mzuri, na moto ule wa 2021 haukupita huko, wala ule wa mwaka 2002 uliokata mji wa Goma katikati. Ila nguzo za umeme hazikuwa zimefika kwenye kiwanja chetu, wala hatukuahidiwa siku ya kufika.

Kaka akatuandikia barua ndefu. Alisema kwamba nyumbani kwake Ubelgiji hakuna tena makaa wala mafuta ya kuchoma. Mabomba yamelazwa chini ya bustani, mtambo mmoja mdogo umekaa kwenye chumba cha kufulia, na joto la ardhi lapasha nyumba yote wakati wa baridi. Wakati wa jua kali kazi yageuzwa, nyumba yapoa. "Nanyi mnakaa juu ya jiko la Mungu mwenyewe," akaandika, "na bado Mama anaota moto wa mbabula! Chimbeni mtaro wa mita 2. Mabomba nitayaleta mimi."

Barua hii ilitufurahisha, na sababu yake ndiyo hiyo mbabula. Goma ni mji wa mita 1,500 hivi juu ya bahari. Mchana waweza kutoa jasho, lakini usiku hewa hushuka mpaka digrii 15 au 14, na mzee wa miaka sabini na minane huisikia katika mifupa. Desturi ya Mama ni kufunga dirisha, kuziba nafasi ya chini ya mlango kwa kitenge, na kuweka mbabula ya makala karibu na kitanda. Mara mbili tulimkuta asubuhi kichwa chamwuma, miguu haina nguvu. Makala yakiwaka mahali palipofungwa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huishika damu isichukue hewa njema. Kila mwaka hapa mjini twasikia habari za watu waliolala na mbabula wasiamke. Tulimkataza Mama, akatusikiliza kwa adabu, akaendelea. Basi, mtu akituambia kwamba kuna njia ya kumpasha mama mzee bila makala, tungekataaje?

Lakini sisi tunaofundisha dini hatukusomea mitambo. Seminarini tulipata Kilatini kingi na fizikia kidogo. Kwa hiyo tulimwendea mwalimu wetu wa zamani, yule aliyetufundisha hiyo fizikia kidogo, tukamsomea barua. Alicheka. Akasema kwamba kaka yetu amechanganya mambo mawili kwa sababu yana jina moja.

Jambo la kwanza ni moto halisi wa ardhi, yaani maji ya moto na mvuke utokao chini. Huo ni mali kweli. Huko Iceland, mji wa Reykjavik ulianza mwaka 1930 kupasha nyumba kwa maji ya moto ya ardhini, na leo karibu nchi yote yafanya hivyo. Kenya wana Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa mvuke ulianza kutoa umeme mwaka 1981, na jirani yake kuna shamba la maua linalopasha nyumba zake za vioo kwa joto lile lile. Kwenye kilima cha Eburru wenyeji hukinga mvuke utokao ardhini, ukapoa, wakapata maji. Na Wakongo wengi hawajui ya kwamba mtambo wa kwanza wa namna hii katika Afrika yote ulijengwa kwetu, kule Kiabukwa katika Katanga, mwaka 1952. Ulitumia maji ya digrii 91, ukatoa kilowati 200 hivi za umeme. Umeachwa zamani. (Twasema haya bila majivuno, kuwa wa kwanza na kuacha si sifa kubwa.) Lakini kutafuta maji ya namna hiyo chini ya kiwanja kimoja, kwa kutoboa mwamba mamia ya mita, si kazi ya mtu anayejenga vyumba vitatu kwa ajili ya mama yake.

Jambo la pili ndilo alilo nalo kaka. Ule mtambo hauchoti moto wa volkano hata kidogo. Kazi yake ni kama ya friji. Friji huondoa joto ndani ya sanduku na kulitupa nyuma. Ndiyo maana ukipeleka mkono nyuma ya friji waona joto. Pampu ya joto huondoa joto katika udongo wa bustani na kulitupa chumbani. Kwa kila sehemu moja ya umeme unayoipa, yaweza kuhamisha sehemu 3 au 4 za joto. Udongo wa Ubelgiji, ukichimba mita chache, hukaa kama digrii 10 au 11 mwaka wote. Hewa ya juu ikiwa baridi ya kugandisha maji, hizo digrii 10 ni utajiri.

"Na udongo wetu je?" tukauliza.

"Udongo usiochemshwa na volkano," akajibu, "hufuata wastani wa hewa ya mwaka mzima. Kwenu ni kama 20. Hewa yenu nayo ni 20, mchana ikizidi kidogo, usiku ikipungua kidogo. Mtalipa mtambo mzima ili kusogeza joto hatua mbili tatu?"

Kisha akachukua kalamu. Pampu ndogo ikitumia kilowati moja na nusu, ikifanya kazi saa 8 za usiku, yataka umeme wa kilowati-saa 12. Kiwanja hakina waya, basi umeme huo sharti utoke kwenye jua, na usiku jua halipo, basi sharti utoke kwenye betri. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina kilowati-saa 1 na nukta 2, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu yake. Kumi na mbili gawanya kwa sifuri nukta 6. Betri 20! Wasomaji wanaojua bei ya betri moja katika maduka ya Birere watatuelewa. Tena baada ya miaka michache betri hizo zafa, na mama hawezi kulala juu ya deni.

Tungalikoma hapo, ingalikuwa vema. Lakini mtu akisaidiwa kukataa jambo moja hupenda kuonyesha kwamba na yeye ana akili. Tulikumbuka kwamba mwalimu alitaja, kwa kupita tu, njia nyingine iliyo rahisi: kulaza bomba pana chini ya ardhi, mita 30 hivi, ncha moja nje na nyingine chumbani, na kupitisha hewa humo kwa feni ndogo. Mchana hewa ya joto ikipita udongoni hupoa. Usiku hewa ya baridi hupata vuguvugu. Hakuna pampu. Hakuna betri 20. Feni ya wati 30 yaweza kuendeshwa kwa paneli moja na betri moja. Tulipiga hesabu mara tatu na kila mara ilikuwa sawa. Tukamwandikia kaka kwamba tumepata njia bora kuliko yake, na kama tukisema kweli, tuliandika kwa furaha isiyo ya unyenyekevu.

Mama alipoona vijana wanapima mtaro aliuliza ni wa nini. Tulipomweleza alinyamaza, kisha akasema: "Moto wa chini umenilia nyumba moja. Sasa ninyi mnauita kwa kamba?" Tukacheka. Jirani mmoja, mama mzee aliyezaliwa pale pale, hakucheka. Alituonyesha kibonde chenye migomba chini ya kiwanja chetu, akasema kwamba watoto hawapitishwi pale asubuhi, na mbuzi hafungwi pale usiku, kwa ajili ya mazuku. Tukamshukuru. Kibonde kilikuwa hatua 60 kutoka mtaroni. Tuliona ni mbali.

Ambao si wa kwetu watauliza mazuku ni nini. Ni jina la zamani la upepo mbaya unaoua usiku. Wataalamu wanaolinda volkano zetu, wale wa Observatoire Volcanologique de Goma, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, wamekwisha kupima mahali pengi kati ya Goma na Sake, na Lac Vert ni mojawapo. Ni gesi ya kaboni dioksidi itokayo chini kwenye volkano, ikipanda katika nyufa za mawe. Katika hewa ya kawaida gesi hii ni kidogo sana. Ikifika sehemu 10 katika mia mtu huanguka katika dakika chache. Na katika mashimo ya mazuku imeonekana kupita hata nusu ya hewa yote. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hukaa chini kama maji katika bakuli. Mchana upepo na jua huitawanya. Usiku usio na upepo hujaa, na saa ya hatari kuliko zote ni alfajiri. Haina harufu.

Haya yote tungeweza kuyauliza kabla. Lac Vert tulikuwa tumepita mara mia, na neno mazuku twalijua tangu utoto. Lakini tulidhani mazuku ni mahali, kama kisima kilivyo mahali. Hatukufikiri kwamba mtu aweza kukichimba kisima hicho kwa beleshi.

Siku tatu vijana wawili walichimba. Udongo wa pale ni majivu ya zamani ya volkano, mlaini kuliko kule Goma kwenye mawe matupu, na kazi ilikwenda upesi. Upande wa chini mtaro ulifika mita 2, tena karibu na ufa wa jiwe jeusi. Usiku wa tatu haukuwa na upepo. Asubuhi mapema tulipofika tuliona kuku wawili wa jirani wamelala ndani ya mtaro, na mbwa kando yao, bila jeraha. Kabla hatujafahamu tunachokiona, kijana mmoja alikuwa amekwisha kushuka kuchukua beleshi aliloliacha jana.

Alishuka upande wa juu, ambako mtaro haukuzidi kifua chake. Akainama. Akakaa chini polepole kama mtu aliyechoka, wala hakuita. Mwenzake akataka kuruka ndani, na hapo, kwa neema tu, yule mama jirani akapiga kelele: "Usishuke! Mvute!" Alilala kifudifudi ukingoni, akashika kola ya shati, sisi tukashika miguu yake, tukamtoa mwenzake. Alikuwa anapumua. Alitapika, akashika kichwa, akalala kivulini mpaka saa nne, kisha akauliza kama siku ile atalipwa.

Twaandika habari hii kwa sababu watu wengi waliokufa kwa mazuku walikuwa wakimfuata mwingine aliyeanguka. Anayeshuka kuokoa huongeza maiti ya pili. Tena wako wanaoshusha mshumaa shimoni na kusema: umewaka, basi tushuke. Sivyo. Mshumaa ukizimika, hakika pana hatari. Lakini ukiwaka si hakika kwamba pana usalama, maana gesi inayomtosha mtu kuanguka haitoshi bado kuuzima moto.

Yule kijana alikuwa mwanafunzi wetu. Miaka minne kabla ya siku ile tulimfundisha mpaka akapata kipaimara. Jioni tulikwenda kwa mama yake kueleza. Tulikuwa tumepanga maneno, lakini yeye alitukaribisha, akatupa viti, akasema, "Mwalimu, ni wewe uliyemtuma?" Tukajibu ndiyo. Hakusema zaidi. Akatuletea chai, na chai ile ilikuwa ngumu kuinywa.

Sasa fikirini jambo ambalo lilitunyima usingizi wiki nzima. Kama usiku ule ungekuwa na upepo, mtaro ungaliendelea. Bomba lingalilazwa na kufukiwa, feni ingalifungwa, hesabu zote zikiwa sahihi. Bomba la ardhini hupasuka, maungio hulegea. Feni ya wati 30 ingalinyonya mazuku taratibu, usiku kucha, ikaimwaga kando ya kitanda cha Mama. Tungalisema ameugua mbabula.

Kuna watakaouliza kama mabomba ya maji ya kaka, yaliyofungwa yasipitishe hewa, yasingekuwa salama. Maji yake hayabebi gesi, ni kweli. Lakini mtaro wenyewe ni njia, na tundu ambamo bomba laingia chini ya sakafu ni mlango. Nyumba yenye joto usiku huvuta hewa kutoka chini, maana hewa yake hupanda na nyingine sharti ije mahali pake. Na kutoboa kwenda chini mita 50 au 100, kama wafanyavyo Ulaya wenye bustani ndogo, ni kuifuata gesi nyumbani kwake. Mahali pengine katika nchi yetu mabomba hayo yaweza kufaa. Kati ya Goma na Sake, mtu asichimbe kabla ya kuuliza wale wanaopima, na wazee waliozaliwa hapo.

Basi tukaufukia mtaro kwa mawe na udongo, nyumba tukaisogeza juu ya mteremko, mbali na ule ufa. Sakafu tuliinua juu ya nguzo fupi za mawe, sentimita 60, tukaacha matundu pande mbili upepo upite chini. Shimo la ghala Mama alilolitaka kwa viazi tulimnyima. Kuta ni za mawe meusi ya volkano, unene wa sentimita 40. Zalishika joto la mchana na kulitoa polepole usiku, na mchana huwa baridi. Mapema hatukujua ya kwamba sehemu kubwa ya baridi ya Mama ilikuwa ikishuka kutoka kwenye mabati. Tulipoweka dari ya mbao chini yake, chumba kilibadilika kuliko kwa jambo lingine lolote tulilofanya. Dirisha la mashariki huingiza jua la asubuhi. Tundu la hewa karibu na sakafu na jingine juu havifungwi, na Mama amekatazwa kuyaziba kwa kitenge, amri ambayo wajukuu huikagua kila jioni.

Paneli mbili ndogo zatosha taa, redio na simu. Juu ya paa tumeweka pipa lililopakwa rangi nyeusi, ndani ya sanduku lenye kioo. Siku ya jua maji yake hutosha kuuma mkono. Jioni yatiwa katika bidoni la lita 5, lafungwa kitambaa, lawekwa miguuni pa kitanda. Siku ya mawingu maji huchemshwa nje. Hiyo ndiyo mashine yetu ya kupasha joto, na sijui tuiite kwa jina gani mbele ya watu wa Ubelgiji.

Mwaka 2023 watu waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru walijaa Lac Vert na Bulengo, hema kwa hema, mpaka kambi zilipoondolewa mwanzoni mwa mwaka 2025. Mtu wa hema hulala chini kabisa, tena hupewa mahali palipobaki, na mahali palipobaki mara nyingi ni bondeni. Yule kijana wa mtaroni alizunguka pamoja nasi kuwaonyesha wapi wasilaze watoto. Alieleza vizuri kuliko sisi. Wengine walihama hatua ishirini, wengine hawakuwa na pa kuhamia.

Kaka alikaa majuma matatu bila kujibu barua yetu ya pili. Kisha akaandika mstari mmoja: "Mdogo wangu, mabomba nimekwisha kuyanunua." Yalifika kwa kontena, mazuri sana, meusi, mita 200. Leo yanateremsha maji ya mvua kutoka kwenye paa la Mama mpaka kwenye tangi, na yanayobaki amepewa jirani yule. Mbabula ipo barazani. Mama huotea moto hapo saa moja ya jioni, mlango wazi, kisha huingia ndani na kuuliza nani amejaza bidoni lake.